Misuli ya mguu ikikakamaa: Jinsi ya kujisaidia, na wakati wa kukimbilia hospitali

Je, umewahi kugutushwa usingizini usiku wa manane ukakuta shavu la mguu limekuwa gumu kama jiwe, na maumivu yamekufanya upige kelele hadi jirani akadhani umevamiwa na wezi? Ikiwa jibu ni ndiyo, usione haya. Tatizo la kukakamaa kwa misuli, ambalo wengi hulieleza kwa kusema tu kwamba "nimeshikwa na msuli", huwapata watu wa kila aina: mchezaji wa kandanda, mchukuzi wa mizigo sokoni, mama mjamzito na mzee aliyestaafu.

Mara nyingi mkakamao huu si ugonjwa. Hudumu kwa sekunde chache au dakika kadhaa, kisha huisha wenyewe na kumwachia mtu uchungu kidogo mguuni hadi kesho yake. Hata hivyo, kuna nyakati ambapo mguu unaokakamaa huwa ni kengele ya hatari inayolia mwilini. Asiyeijua sauti ya kengele hiyo hukandwa miguu nyumbani huku uhai ukimponyoka.

Ili kuzielewa pande zote mbili za jambo hili, leo tutatazama sana Mandera, mji ulioko pembe ya kaskazini mashariki ya Kenya, mahali ambapo mipaka ya Kenya, Ethiopia na Somalia hukutana kando ya Mto Daua. Huko kuna joto kali, kazi za sulubu, safari ndefu za basi na uhaba wa maji safi. Karibu kila jambo linaloweza kuukakamaza msuli wa mtu linapatikana Mandera, na mafunzo yake yanamfaa pia mkazi wa Nairobi, Mombasa au Kisumu.

MSULI HUKAKAMAA VIPI?

Msuli hufanya kazi mbili tu: kujikunja na kulegea. Ubongo hutoa amri, amri hiyo hupitia uti wa mgongo na mishipa ya fahamu, na ikifika kwenye msuli, madini ya kalisi huachiliwa ndani yake na nyuzi za msuli huvutana. Kazi ikiisha, kalisi hurudishwa mahali pake na msuli hulegea.

Watu wengi hudhani kwamba msuli hauhitaji nguvu yoyote ili ulegee. Sivyo. Kulegea nako kunahitaji nguvu itokanayo na chakula, sawa na kujikunja. Ndiyo sababu mwili wa marehemu hukauka saa chache baada ya kufa: nguvu zimekwisha na misuli haiwezi tena kulegea.

Mishipa ya fahamu nayo hutegemea uwiano wa maji na madini mwilini, hasa sodiamu iliyomo katika chumvi ya mezani, potasiamu, kalisi na magnesiamu. Uwiano huo ukivurugika, mishipa huanza kutoa amri ovyo na msuli hujikunja bila mwenyewe kutaka.

Uchovu pia huchangia. Mwaka wa 1997, Martin Schwellnus na wenzake wa Afrika Kusini walitoa maelezo ambayo yamekubaliwa na wataalamu wengi wa michezo. Ndani ya msuli kuna vipokezi vinavyouhimiza ujikunje, na katika kano inayouunganisha msuli na mfupa kuna vingine vinavyouambia ulegee. Msuli ukichoka sana, vile vya kwanza huvishinda vya pili nguvu. Lakini kano ikivutwa, vile vinavyoamuru msuli ulegee huamka tena. Hii ndiyo siri ya kwa nini kuunyoosha mguu huleta nafuu upesi kuliko kidonge chochote.

Je, kwa nini shavu la mguu ndilo huathirika zaidi? Kwanza, msuli huo huinua uzito wa mwili mzima katika kila hatua. Pili, tunapolala, vidole vya miguu huelekea chini na msuli huo huwa tayari umefupika. Amri ndogo tu ya mshipa wa fahamu inatosha kuufanya ujifunge kama fundo.

UKISHIKWA, FANYA HIVI

Usijaribu kuruka kutoka kitandani ukikimbia huku na huko. Wazee wengi wameanguka na kuvunjika nyonga kwa njia hiyo. Fuata hatua hizi:

1. Kaa kitako, nyoosha goti liwe wima kabisa, kisha vuta vidole vya mguu kuelekea kwako. Ikiwa mkono haufiki, zungushia leso, kikoi au taulo kwenye wayo na uvute ncha zake polepole.

2. Shikilia hivyo kwa nusu dakika au zaidi, hadi uhisi msuli unalegea. Usivute kwa nguvu za ghafla, kwani waweza kuuchana msuli.

3. Ukiweza kusimama, simama karibu na ukuta, kanyaga kwa wayo wote na usukume kisigino kishike sakafu.

4. Kanda shavu la mguu kwa viganja, ukianzia chini ukipandisha juu.

5. Msuli ukishalegea, weka kitambaa kilichochovywa katika maji ya vuguvugu. Mwenye kisukari apime joto la maji kwa kiwiko, au amwombe mtu mwingine apime, kwa kuwa miguu yake huenda haihisi moto na akaungua bila kujua.

Ikiwa ni msuli wa nyuma ya paja, lala chali na uinue mguu ukiwa umenyooka. Ikiwa ni wa mbele ya paja, simama ukishika kiti, kunja goti na uvute kisigino kuelekea makalio. Mama mjamzito ambaye tumbo halimruhusu kufikia mguu asaidiwe na mumewe au mtu yeyote wa nyumbani: ashike kisigino kwa mkono mmoja na kusukuma vidole kuelekea goti kwa mkono wa pili.

Katika jamii nyingi za wafugaji wa kaskazini mwa Kenya, kuna desturi ya kumchoma mgonjwa kwa kijiti chenye moto mahali panapouma. Kwa mkakamao wa misuli, moto huo hauna kazi. Maumivu yangeisha hata bila kuchomwa, na kinachobaki ni kidonda kinachoweza kuingiza viini, vikiwemo vya pepopunda.

JOTO, JASHO NA CHUMVI

Mandera iko tambarare, na katika miezi ya Februari na Machi joto la mchana hupita nyuzi 35. Mvua ni haba. Anayepakua magunia kutoka kwenye malori, anayechimba mitaro, anayeswaga ngamia na anayelima mashamba ya kando ya Daua wote hutokwa na jasho jingi. Mtu anayefanya kazi nzito katika joto kama hilo anaweza kupoteza lita moja ya maji au zaidi kwa saa. Na jasho si maji matupu. Ukilionja, utajua lina chumvi.

Jambo hili liligunduliwa zamani na watu waliofanya kazi katika migodi ya makaa ya mawe nchini Uingereza. Wachimbaji waliofanya kazi kwenye mashimo ya chini yenye joto walikuwa wakishikwa na misuli ya miguu, mikono na tumbo hata wakashindwa kufanya kazi. Mnamo 1923, mtafiti K. Neville Moss alieleza kwamba wachimbaji hao walikuwa wakipoteza chumvi nyingi kwa jasho na kisha kunywa maji matupu kwa wingi. Walipotiliwa chumvi kidogo katika maji yao, mikakamao ilipungua. Mambo kama hayo yalionekana tena mwanzoni mwa miaka ya 1930 kwa vibarua waliojenga bwawa kubwa la Hoover katika jangwa la Marekani.

Funzo ni hili: anayetoka jasho kutwa nzima hapaswi kutegemea maji matupu pekee. Anahitaji pia chakula chenye chumvi ya kawaida, supu, maziwa au matunda. Kwa bahati nzuri, vyakula hivyo havikosekani katika vyakula vya kaskazini mashariki. Maziwa ya ngamia, yakiwa mabichi yaliyochemshwa au yaliyogandishwa ambayo wenyeji huyaita susa, yana maji, sodiamu, potasiamu na kalisi kwa pamoja. Supu ya nyama nayo ina chumvi. Ndizi, maembe na mapapai yanayokuzwa kando ya Daua yana potasiamu.

Lakini tahadhari! Ushauri huu haumaanishi kwamba kila mtu aongeze chumvi. Karani anayeketi ofisini Nairobi kuanzia asubuhi hadi jioni tayari anakula chumvi kupita mahitaji yake. Mwenye shinikizo la damu, ugonjwa wa moyo au wa figo asiongeze chumvi kabla ya kuzungumza na daktari wake.

Katika mwezi wa Ramadhani, anayefunga na kufanya kazi juani yafaa agawe maji yake vizuri: anywe kidogo kidogo kuanzia futari hadi daku, badala ya kujaza tumbo kwa mara moja. Kazi nzito yafaa ifanywe alfajiri au jioni. Mwenye kisukari amwone daktari kabla ya mwezi kuanza ili dawa zake zipangwe upya.

Wanaotafuna miraa nao wana la kuzingatia. Miraa huondoa hamu ya chakula na usingizi, na mtafunaji huweza kukaa kitako kwa saa nyingi miguu ikiwa imekunjwa. Mtu aliyekosa mlo, aliyekesha na asiyenyoosha miguu ameukaribisha mkakamao mwenyewe.

KENGELE YA KIPINDUPINDU

Sasa tufikie upande wa hatari. Mwaka wa 2016, Mandera ilikumbwa na mlipuko mkubwa wa kipindupindu. Kipindupindu kilirejea tena kaskazini mashariki katika mlipuko ulioanza nchini Oktoba 2022, kikaathiri kaunti za Garissa, Wajir na Mandera.

Kila anayezungumzia kipindupindu hutaja kuharisha na kutapika. Wachache hukumbuka kwamba misuli kukakamaa ni mojawapo ya dalili zake kubwa. Viini vya kipindupindu vikiingia utumbo mwembamba, hutoa sumu inayoufanya utumbo umwage maji na chumvi za mwili. Mgonjwa aliyezidiwa anaweza kupoteza hadi lita moja kwa saa. Choo chake huwa cheupe cheupe kama maji yaliyooshea mchele. Sodiamu na potasiamu hutoka pamoja na maji hayo, na ndipo miguu na tumbo huanza kujikunja kwa maumivu makali. Macho huzama, mdomo hukauka, ngozi ikifinywa hubaki imesimama, na mkojo hukatika.

Mtu wa namna hii anaweza kufa katika muda wa saa chache. Bila matibabu, kipindupindu kikali kinaweza kuua hadi nusu ya wagonjwa. Akipata maji na chumvi mapema, hatari hushuka hadi chini ya mmoja kwa kila wagonjwa 100. Kaunti ya Mandera ina eneo la kilomita mraba zipatazo 26,000, na anayeishi mbali na mji, kwa mfano sehemu za Banissa, Takaba au Lafey, huenda akasafiri mwendo mrefu kabla ya kukuta kituo cha afya chenye maji ya dripu. Kwa hivyo, matibabu sharti yaanze nyumbani na yaendelee njiani.

Kumkanda miguu mgonjwa wa kipindupindu bila kumpa maji ya chumvi na sukari ni kumpotezea muda. Msuli wake hauumwi. Umekauka.

MAJI YA CHUMVI NA SUKARI

Pakiti za ORS hupatikana katika zahanati na maduka ya dawa. Pakiti moja huchanganywa na maji kwa kipimo kilichoandikwa juu yake. Usiikoroge katika maji kidogo ukidhani itakuwa na nguvu zaidi.

Ukikosa pakiti, tengeneza mwenyewe hivi: chukua lita moja ya maji safi yaliyochemshwa na kupoa, weka vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, kisha koroga hadi viyeyuke. Vijiko hivyo vifutwe juu viwe sawa, visiwe na kichuguu. Onja: yasiwe na chumvi kuliko machozi. Chumvi ikizidi inaweza kumdhuru mtoto. Yasipomalizika kwa siku moja, yamwage na utengeneze mengine.

Mtoto wa chini ya miaka 2 apewe robo hadi nusu kikombe kila anapoharisha, kwa kijiko, polepole. Wa miaka 2 hadi 10 apewe nusu kikombe hadi kikombe kizima. Mkubwa anywe kadiri awezavyo. Akitapika, ngoja dakika 10 kisha uendelee kumpa polepole. Anayenyonya asiachishwe ziwa.

Je, sukari ni ya nini? Si ya kuongeza ladha. Ukuta wa utumbo hupokea chumvi kwa urahisi inapoandamana na sukari, na maji huifuata chumvi. Hata utumbo uliojaa sumu ya kipindupindu bado hupokea mchanganyiko huo. Mwaka wa 1971, wakimbizi wa vita vya Bangladesh walikuwa wakifa kwa kipindupindu katika kambi iliyokuwa Bongaon, India, na maji ya dripu yakaisha. Dkt Dilip Mahalanabis aliamua kuwanywesha maji ya chumvi na sukari, akiwaachia jamaa zao kazi ya kuwanywesha. Vifo vilishuka kutoka takriban 30 kwa kila wagonjwa 100 hadi chini ya 4. Tangu wakati huo, kikombe na kijiko vimeokoa mamilioni ya watu duniani.

SI KILA MAUMIVU YA MGUU NI MKAKAMAO

Mwaka huo huo wa 2016, Mandera ilipatwa na mlipuko mwingine kwa pamoja na kipindupindu: chikungunya, homa inayoenezwa na mbu. Kufikia mwisho wa Juni 2016, zaidi ya visa 1,700 vilikuwa vimeripotiwa, na wahudumu wa afya ni miongoni mwa walioathirika. Jina la ugonjwa huo ni la Kimakonde, na lina maana ya kujikunja kwa maumivu. Ulitambuliwa kwanza katika mlipuko wa 1952 kusini mwa Tanganyika.

Wakazi wengi wakati huo walilalamika juu ya miguu. Tofauti ni hizi. Chikungunya huleta homa na huuma kwenye viungo: vifundo vya miguu, magoti, viganja. Maumivu yake hukaa siku nyingi, pengine miezi. Mkakamao huuma katikati ya nyama ya msuli, msuli wenyewe huwa mgumu ukiuguswa, na huisha upesi. Mkakamao wa kipindupindu huja pamoja na kuharisha, nao hurudi tena na tena.

Maumivu mengine yanayodanganya ni ya damu kuganda ndani ya mshipa wa mguu. Haya yanaweza kumpata mtu aliyekaa bila kusogea kwa muda mrefu, aliyetoka kufanyiwa upasuaji au mama aliyejifungua karibuni. Safari ya basi kati ya Nairobi na Mandera kupitia Garissa na Wajir ni ya zaidi ya kilomita 1,000. Abiria wengi huacha kunywa maji ili wasihitaji kujisaidia njiani, na hukaa na magoti yaliyokunjwa kutwa kucha. Mguu mmoja ukivimba, ukawa na joto na kuuma siku moja au zaidi baada ya safari, usiukande hata kidogo. Bonge la damu linaweza kung'oka na kwenda mapafuni. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Kuna pia mtu ambaye shavu la mguu humuuma kila atembeapo mwendo fulani, na akisimama huacha. Huyo huenda mishipa yake ya damu imezibana. Wavutaji sigara na wenye kisukari ndio huathirika zaidi.

WAZEE, WAJAWAZITO NA WANAOTUMIA DAWA

Kadiri umri unavyosonga, misuli hupungua na kano hufupika. Ndiyo maana mikakamao ya usiku ni ya kawaida kwa waliozidi miaka 60.

Wajawazito wengi nao hushikwa na misuli, hasa katika miezi ya mwisho, wakati uzito umeongezeka na mzunguko wa damu miguuni umepungua kasi. Jambo hilo peke yake halimdhuru mtoto. Lakini mama akivimba uso na mikono, akaumwa na kichwa kikali au kuona vimulimuli, aende kliniki mara moja apimwe shinikizo la damu. Hizo zinaweza kuwa dalili za kukaribia kifafa cha mimba, na mtikisiko wa mwili mzima unaokuja nacho usichukuliwe kuwa ni kushikwa na msuli.

Dawa fulani huweza kuleta mkakamao: vidonge vya kukojoza wanavyopewa wenye shinikizo la damu, dawa za kupunguza mafuta katika damu na dawa za kuvuta za pumu. Ukiona mikakamao imeanza baada ya kupewa dawa mpya, usiiache dawa hiyo kwa shauri lako. Rudi kwa aliyekuandikia.

KUZUIA NI BORA

Njia rahisi iliyothibitishwa haigharimu hata senti moja. Mwaka wa 2012, watafiti nchini Uholanzi waliwachunguza watu 80 waliozidi umri wa miaka 55 waliosumbuliwa na mikakamao ya usiku. Nusu yao walinyoosha misuli ya miguu kila usiku kabla ya kulala kwa majuma 6. Hao walishikwa mara chache zaidi kuliko wenzao, na maumivu yao yakapungua.

Fanya hivi: simama hatua moja kutoka ukutani, weka viganja ukutani, rudisha mguu mmoja nyuma na uhakikishe kisigino hakiinuki. Inama mbele hadi uhisi shavu la mguu linavutwa. Hesabu polepole hadi 10, pumzika, rudia mara tatu kwa kila mguu.

Zaidi ya hayo, usikaze shuka au blanketi zito juu ya vidole vya miguu unapolala. Kunywa maji ya kutosha mchana. Mwanamichezo aanze mazoezi pole pole. Katika basi, zungusha vifundo vya miguu kila nusu saa, na gari likisimama, shuka utembee.

TAHADHARI KUHUSU DAWA

Wako wanaonunua kwinini dukani kutibu mikakamao, kwa kuwa ilitumika hivyo kwa miaka mingi. Dawa hiyo ni ya malaria. Mwaka wa 1994, Marekani ilipiga marufuku kuuzwa kwa kwinini ya mikakamao bila cheti cha daktari, na mwaka wa 2010 ikaonya tena. Inaweza kuvuruga mapigo ya moyo na kupunguza chembe zinazogandisha damu hata mtu akafa. Usiimeze kwa ajili ya msuli.

Vidonge vya magnesiamu navyo hutangazwa sana madukani. Uchunguzi uliokusanya matokeo ya majaribio mengi, na kuchapishwa upya mwaka wa 2020, ulionyesha kwamba havielekei kuwasaidia wazee wenye mikakamao. Kwa wajawazito, matokeo hayakubaliani. Kabla ya kutoa pesa zako, jaribu ule ukuta wa nyumba yako kwa majuma 6.

NENDA HOSPITALI UPESI IWAPO

- Mikakamao imeandamana na kuharisha maji maji au kutapika. Mpe mgonjwa maji ya chumvi na sukari mkiwa njiani.

- Mtu aliyekuwa juani amechanganyikiwa, au mwili wake una joto jingi. Mweke kivulini, mmwagie maji na umpepee huku mkitafuta gari.

- Mguu mmoja umevimba na una joto.

- Mkojo umekuwa wa rangi ya chai ya rangi baada ya kazi nzito au mazoezi makali. Misuli imeharibika na figo ziko hatarini.

- Taya zimekazana na mtu hawezi kufungua kinywa, hasa akiwa na kidonda. Huenda ni pepopunda.

- Mama mjamzito ana maumivu makali ya kichwa, au amevimba uso na mikono.

- Mikakamao huja kila usiku, au mguu umekufa ganzi na kuishiwa nguvu. Upimwe sukari, figo na tezi ya shingo.

Asiye na lolote kati ya hayo anahitaji tu leso ya kuvutia wayo, ukuta wa kuegemea na maji ya kunywa. Aliye na mojawapo asingoje kupambazuke.